Mpe kijana kodi mkononi, tena mapema

Hapa Dar es Salaam kijana mara nyingi hapotezi chumba kwa sababu hana kitu kabisa. Anakipoteza kwa sababu hana kodi ya miezi sita kwa mpigo. Anayeuza maji stendi anaweza kujibana akapata elfu hamsini ya mwezi; kinachomshinda ni siku mwenye nyumba anapotaka laki tatu taslimu. Akitafuta chumba kingine, dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja. Hapo ni laki tatu na nusu, na bado hajanunua hata ndoo.

Kikoba chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kina mfuko wa jamii, na kwa miaka kadhaa tumeutumia kuwashika mkono vijana wa mtaani waliokwama hivyo. Wenye vikundi, jumuiya za kanisani au msikitini, na familia zenye mpwa anayehangaika wananiuliza tunafanyaje. Tunatoa hela. Anapewa kijana mwenyewe, na tukiweza, kabla hajatolewa vitu nje.

Kijana akikosa chumba haanzi kulala barazani siku hiyohiyo. Anaenda geto la rafiki, mpaka mwenye geto aanze kununa. Anahamia kwa mwingine. Kisha ni kijiwe cha bodaboda, au ndani ya gari bovu gereji. Wasichana hata hatuwaoni, maana wengi wanaishia kwa mwanaume wasiyemtaka kwa sababu tu ana chumba, na mtaa unasema kaolewa. Kufikia hapo godoro limeuzwa na simu pia, na kazi imeponyoka kwa sababu mtu hana pa kuoga asubuhi. Kumrudisha kunagharimu kuliko ile kodi iliyomtoa. Kwa hiyo ukikutana na mpwa wako, baada ya salamu muulize kodi inaisha lini.

Serikali haijaziba pengo hili. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia maskini, inahudumia kaya, na kijana aliyeondoka kwao hana kaya ya kumwandikisha. Mikopo ya vijana ya halmashauri ni ya vikundi vyenye biashara, na deni halilipi kodi ya chumba.

Kuhusu kiasi, elfu ishirini kila Jumapili ni chakula. Paa linataka hela iliyokusanyika. Sisi tunatoa kodi yote kwanza, halafu kidogo kila mwezi mpaka asimame. Oregon kule Marekani walipanga kwa namna inayofanana: vijana wasio na makazi walipewa dola 1,000 kila mwezi kwa miaka miwili, na mara moja dola 3,000 za gharama kubwa. New York ilikuwa dola 1,250 kwa mwezi, na msaada wa ushauri ulikuwepo kwa anayeutaka, bila kuwa sharti la kupata hela.

Lazima kikaoni atasimama mtu aseme watazinywea. Vancouver, Kanada, walilipima hilo kwa watu wazima wasio na makazi: 50 walipewa kila mmoja dola 7,500 za huko kwa mara moja, wakalinganishwa na wenzao wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2023. Waliopewa walipunguza siku za kukosa makazi kwa wastani wa 99 ndani ya mwaka, na matumizi yao ya pombe, sigara na dawa za kulevya hayakuongezeka. (Anayedai risiti kwa kijana wa kodi ndiye huyohuyo anayechanga laki moja ya harusi bila kuuliza bia zilikuwa kreti ngapi.)

Wengine wanaona salama kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Mimi sipendi. Mwenye nyumba akishajua kuna mfadhili, bei inapanda. Kijana naye anakosa nafasi ya kupatana. Binti mmoja aliyetoka makao ya watoto tulimpa ya miezi sita, akambembeleza mwenye nyumba apokee ya mitatu, iliyobaki akanunua mtungi wa gesi na unga akaanza chapati. Sisi tusingeliwaza hilo.

Kabla ya kutuma hela kwa simu, hakikisha laini ni yake. Asiye na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, hawezi kusajili laini kwa jina lake, kwa hiyo wengi wanatumia ya mtu, na hela inaweza kuishia kwa huyo mtu. Afuatilie NIDA mapema, serikali ya mtaa itampa barua. Tuma na ya kutolea. Mkataba uandikwe jina lake, si la mwenyekiti wa kikundi.

Aliye chini ya miaka 18 msimpangishie chumba. Pigeni 116, ni bure, au mwoneni afisa ustawi wa jamii. Na kijana aliyekimbia kipigo au aliyezama kwenye dawa za kulevya anahitaji pia mtu wa kumpokea simu usiku. Kodi peke yake haitamtosha.

Mweka hazina wetu huandika tarehe ya kila kodi kuisha, anampigia kijana mwezi mmoja kabla. Wengine wanajibu wameshalipa. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, jina linaingia kwenye ajenda ya kikao kinachofuata.