Kisu cha kichwa cha nyati kilivyonivunjikia mbele ya ndafu

Juzi usiku nikiwa natwanga viungo vya oda ya kesho yake, imeingia meseji ya mdada mmoja anayenifuatilia. Hata salamu hajamaliza, katuma picha. Kisu. Mpini wake ni joka lenye pembe, macho mekundu ya vioo, mdomo limeuachama, na bapa linatokea humo mdomoni kama ulimi. Chuma chote kina mawimbi mawimbi, na muuzaji kaandika pembeni "Damascus halisi". Bei 95,000. Chini yake kauliza: "Dada, nichukue? Nataka nikianza kupika harusi niwe na kitu ambacho wengine hawana."

Nikacheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikanikauka. Miaka 2 iliyopita mdada huyo nilikuwa mimi.

Kwa wageni wa hapa: mimi napika shughuli. Nilianza Tabata na sufuria 2 za kuazima, leo nina sufuria zangu 14 na vijana 6 ninaowalipa kila wikiendi. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo. Na najua wewe unayesoma na wewe unataka ufike siku uwe na kirikuu chako cha kubebea vyombo, ubavuni kimeandikwa jina lako. Ndiyo maana nakuhadithia aibu yangu, usije ukaipata na wewe.

Nilipopata oda yangu ya kwanza ya watu 350, nilipagawa. Pilau nilikuwa nalijua, kuku nilikuwa namjua, lakini kichwani mwangu kulikuwa na ndafu tu. Unajua mwenyewe: ukumbi mzima unasimama, simu zote juu, mbuzi anaingia kapambwa, majani mdomoni, na mpishi ndiye anayetangulia mbele. Ile ndiyo dakika watu wanauliza "huyu mpishi ni nani?" Nikajiambia lazima niwe na visu vya kuonekana. Nikazunguka mtandaoni mpaka nikakutana na duka moja la zawadi linauza seti ya wanyama watano wakubwa: simba, chui, tembo, kifaru na nyati. Kila kisu kichwa cha mnyama wake mwisho wa mpini, bapa jeusi limechorwa mchoro wa mbuga na jua linazama. Boksi ndani mahameli nyekundu. 180,000. Pesa ile ilikuwa ya kununulia jiko la pili la gesi, lakini hilo tuliache.

Mzigo ulipofika nililala na boksi chumbani. Sitanii.

Wiki moja kabla ya shughuli akapita mtaani yule mzee anayenoa visu kwa baiskeli. Jiwe kalifunga mbele, akifika anaipandisha baiskeli kwenye stendi, anakaa kwenye tandiko anapiga pedeli kama anaenda Morogoro. Nikampelekea nyati wangu, pamoja na kisu kizee cha mpini wa mti alichoniachia marehemu mama. Mzee akaligusisha bapa la nyati kwenye jiwe, akaondoa. Cheche zilitoka chache, fupi, nyekundu nyekundu, zimenyooka. Akachukua cha mama, akagusisha. Cheche zikaruka mbali, zikapasukapasuka nchani kama fataki. Hakusema kitu. Akamrudia nyati, akamshika bapa, akamtikisa karibu na sikio.

"Mama, humu ndani kuna kitu kinacheza."

Nikamjibu, "Mzee wewe noa tu, nakulipa unoe."

Akanoa. Alipokuwa anarudisha chenji akavinyooshea kidole vile visu viwili: "Hiki kina chuma. Hiki kina picha." Mimi nikaona mzee wa watu ana wivu wa vitu vya kisasa.

Siku yenyewe ikafika. Saa 10 alfajiri tumeshawasha moto. Tembo ndiye wa kwanza kunionyesha rangi yake: ule mkonga umejikunja kwenda chini, kwa hiyo ukishika mpini unakuchoma katikati ya kiganja. Nilimenya na kukata vitunguu kama kilo 4, nikawa na lengelenge. Nikampa kijana wangu, naye baada ya dakika 10 akamweka chini akachukua kisu cha elfu tatu cha mpini wa plastiki. Simba naye manyoya yake yale yote yaliyochongwa yalijaa mafuta ya nyama. Nilisugua kwa mswaki na maji ya moto, na bado kesho yake alinuka. Pembe ya kifaru ilidondoka yenyewe, hata sijui saa ngapi. Namshukuru Mungu niliiona kwenye beseni la karoti kabla ya mgeni kuiona kwenye meno.

Chui alikuwa kwenye kachumbari. Msichana wangu mmoja akaniita pembeni kwa sauti ya chini, "Dada, nyanya zina vitu vyeusi." Nikadhani pilipili manga. Nikachukua kipande nikakisugua kwa vidole: rangi. Lile jua linalozama lilikuwa linabanduka na kuingia kwenye kachumbari ya watu 350. Beseni zima tulimwaga, kijana akakimbizwa na bodaboda kutafuta nyanya nyingine. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema nyati bado mzima, na ndafu ndiyo yake.

Emsii akaita. Muziki ukapigwa. Nikaingia na mbuzi wangu, nyati kalala kwenye kitambaa cheupe juu ya sinia. Bwana na bibi harusi wakakishika kisu pamoja, mikono minne, wakaweka makali shingoni mwa mbuzi na kukandamiza. Kisu kiliingia kidogo tu, kikakwama. Ile si nyama ya kukatwa na kisu butu. Ngozi ya juu ya ndafu imekauka na moto. Bwana harusi, kijana wa mazoezi, akakaza mkono na kukizungusha kidogo. Nikasikia "ta!" ndogo, kama kijiti cha kiberiti. Bapa likabaki limesimama kwenye mbuzi, na kichwa cha nyati kikabaki mkononi mwa bwana harusi.

Emsii, ambaye mpaka leo simsalimii, akasema kwenye kipaza sauti: "Jamani, nyati katoroka!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Nikachomoa cha mama kwenye pochi ya aproni, kazi ikaisha kwa dakika moja. Lakini shangazi wa bwana harusi alishasema, tena kwa sauti ya kutosha meza tatu: "Mpishi wa watu 350 hana hata kisu?" Video ikazunguka kwenye magrupu ya familia. Harusi ya mdogo wake bwana harusi, ambayo niliahidiwa kwa mdomo, alipewa mtu mwingine. Pilau langu lilisifiwa na kila mtu siku ile. Hakuna anayelikumbuka. Wanakumbuka nyati.

Nilipofika nyumbani nikamchunguza maiti. Chuma kilichoingia ndani ya mpini kilikuwa na urefu wa pingili moja ya kidole, chembamba kama msumari, kimezungushiwa gundi nyeupe iliyokauka na kupasuka. Ule mpini niliodhani ni chuma kizito ulikuwa zinki ya kumimina kwenye kalibu: nje unang'aa, ndani kijivu chenye chenga chenga kama sukari guru iliyovunjwa. Cha mama nilikitazama kwa mara ya kwanza vizuri. Bapa lake linapita katikati ya mbao mpaka mwisho wa mpini, ukilitazama kwa juu unaliona kama nyama ndani ya sandwichi, na ribiti 3 zimepita pande zote mbili.

Basi mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza ni shingo. Itazame pale bapa linapokutana na mpini. Muuzaji akikuonyesha macho ya joka, wewe muombe picha ya shingo. Chuma kinaishia wapi? Kama hajui, au anakwambia "kimechomelewa ndani huko", muachie joka lake. Kuna visu vizuri ambavyo chuma chake kimefichwa ndani ya mpini, lakini kinaingia kwenda mbali na kimefungwa barabara. Ukikitikisa hakichezi. Shingo, nakwambia.

La pili ni zile cheche za mzee. Zinapasuka kwa sababu ya kaboni iliyomo kwenye chuma, na kaboni ndiyo inayokifanya kikaze kikitiwa moto na kuzimwa. Wauzaji wanapenda neno "stenlesi" kama vile ni sifa ya makali. Stenlesi maana yake kuna madini ya kromiamu angalau asilimia 10.5, hiyo inazuia kutu basi. Tafuta maandishi madogo kwenye bapa. Ukikuta 3Cr13, ile 3 inakwambia kaboni ni kama asilimia 0.3 na 13 ni kromiamu. Ni chuma laini, utanoa kila siku. Ukikuta 5Cr15MoV, au kile cha Wajerumani X50CrMoV15, kaboni ni kama asilimia 0.5, na hivyo ndivyo visu vya kawaida vya jikoni vinavyofanya kazi miaka. Springi ya gari, ambayo wahunzi wetu wanafulia mapanga na sime, ina karibu asilimia 0.6. Seti yangu ya wanyama haikuandikwa namba yoyote ya hivyo. Iliandikwa tu "surgical steel", yaani chuma cha vifaa vya upasuaji, na neno hilo halikwambii ni chuma gani.

Sasa hayo mawimbi ya "Damascus halisi". Chuma cha zamani kilichobeba jina hilo kilitoka India na Sri Lanka, kikafuliwa panga Mashariki ya Kati, na ufundi wenyewe ulipotea. Siku hizi wanaunganisha kwa moto matabaka ya vyuma viwili tofauti, kisha wanatia asidi. Kimoja kinakuwa cheusi kuliko kingine, mawimbi yanajitokeza. Hicho ni kisu cha kweli na kina bei yake. Lakini kuna mawimbi ya kuchorwa kwa leza juu ya chuma cha kawaida, na hayo ndiyo yamejaa mtandaoni. Kigeuze utazame mgongo wa kisu, upande usiokata. Kama ni matabaka, utaona mistari inapita mpaka juu ya mgongo. Kama mgongo ni mweupe peee na mawimbi yameishia ubavuni kama kanga iliyokatwa, ni picha. Na jina lisikutishe. Ujerumani wana sheria tangu 1938 kwamba si kila mtu anaweza kugonga jina la Solingen, mji wao maarufu kwa visu, kwenye kisu chake. Damascus haina wa kuitetea hivyo. Hata mimi kesho naweza kuichora kwenye mwiko.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na kisu cha pambo. Mjomba wangu aliyeko Muscat ana jambia lake, mpini umefungwa nyuzi za fedha, analivaa Idi na harusini. Lipo kwenye bendera ya Oman, na 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Sijawahi kumuona mjomba akikatia kitunguu. Lile limetengenezwa livaliwe, na linavaliwa. Ugomvi wangu ni na kisu kinachotaka kuwa pambo na kuwa cha jikoni kwa wakati mmoja, na sisi wenyewe, hasa sisi tunaoanza, tunaotaka kuonekana wapishi kabla hatujanoa. Unakuta mtu ana aproni ya jina lake, kofia ndefu, kisu cha joka, na vitunguu vyake vimepondeka kama vimekanyagwa. Mteja hali kofia. Jamani, tuanze na kinoo! Kinoo kizuri na kisu cha kawaida chenye shingo nzima vitakutoa mbali kuliko wanyama wote wa Serengeti.

Na ukikishika, kishike kama unafanya kazi, si kama unapiga picha. Kama kuna kitu kinakuchoma kiganjani dukani, fikiria kilo 25 za vitunguu. Kama mpini una mashimo na manyoya, fikiria mafuta. Kama bapa limepakwa rangi, fikiria kachumbari yangu. Halafu rudi tena kwenye shingo.

Wanyama wangu waliobaki bado ninao. Simba anakata keki za watoto, keki haina mfupa. Kichwa cha nyati kinazuia mlango wa stoo usijifunge na upepo.

Haya yote nilimtumia yule mdada kwa sauti, dakika 9, mpaka koo limekauka. Akasikiliza. Akakaa kimya kama nusu saa, halafu akaandika: "Asante sana dada, nimejifunza mengi mno. Ila nilishalipia jana, linafika Ijumaa. Kwani huyo mzee wa baiskeli hupita siku gani?"

Nikamwambia Jumanne.