Takwimu za wasichana: uliza kwanza ni wasichana gani

Tarehe 11 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, ikikaribia, asilimia huanza kusambaa kila mahali. Nimefanya kazi na vikundi vya wasichana pwani ya Kenya kwa muda wa kutosha kuona mipango mizuri ikipotea njia kwa sababu ya asilimia moja ya nchi nzima. Ushauri wangu ni huu: usiitumie kabla hujaipasua.

Utafiti wa KDHS wa 2022, yaani utafiti wa kitaifa wa Kenya kuhusu idadi ya watu na afya, ulikuta kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Shuka mpaka kwenye kaunti: Samburu ni asilimia 50, Nyeri na Nyandarua ni asilimia 5. Ile 15 haimwelezi binti wa Samburu wala wa Nyeri, na bado bajeti nyingi hupangwa kwa kuitazama hiyo tu. Tenganisha kwa umri pia, maana wa miaka 15 na wa miaka 19 wana maisha tofauti kabisa hata wakiishi nyumba moja.

Halafu uliza nani hakuhojiwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu ujana balehe kuanzia miaka 10 hadi 19, lakini tafiti za aina ya DHS, ambazo KDHS ni mojawapo na zimefanywa katika nchi nyingi duniani, huhoji wanawake kuanzia miaka 15. Wa miaka 10 hadi 14, ambao miili yao ndiyo kwanza inabadilika, hawamo katika mahojiano hayo. Tafiti za shuleni huwafikia baadhi yao, ila ni wale waliopo darasani siku hiyo. Aliyekatishwa masomo akapelekwa mjini kufanya kazi za nyumbani hayumo, na mara nyingi huyo ndiye mwenye hali ngumu kuliko wote. Mimi hukasirika kila nikisoma ripoti inayosema "wasichana wote" bila kumkumbuka.

Kwa mambo ya mtaani kwako, data iliyo karibu zaidi ni daftari la mahudhurio. Mwombe mwalimu mkuu mlipitie pamoja. Katika shule moja, fomu ya mradi iliuliza kama wasichana wanapata sodo, na karibu wote walijibu ndiyo. Daftari lilisema mengine: alama za kutokuwepo zilijirudia mwezi baada ya mwezi, siku mbili tatu mfululizo, kwa wasichana wa madarasa ya juu. Tulipokaa nao pembeni wakaeleza. Sodo zipo, lakini mlango wa choo haufungiki na maji hakuna. Daftari lilionyesha siku, wao wakatoa sababu. Bila vyote viwili tungeagiza katoni nyingine za sodo.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Binti hatakueleza habari za kupigwa au kuguswa huku shangazi amekaa mlangoni. DHS yenyewe, kwenye maswali ya ukatili, huchagua mwanamke mmoja tu katika kaya, na faragha isipopatikana maswali hayo hayaulizwi. Fuata utaratibu huo huo. Tena, usiulize kabisa kama hujajua utampeleka wapi atakayekwambia ameumizwa: kituo gani cha afya, afisa gani wa watoto, nani atamsindikiza.

Jihadhari pia na idadi ndogo. Kwenye majedwali ya DHS, asilimia iliyotokana na watu wasiofika 25 hufichwa, na ya watu 25 hadi 49 huwekwa kwenye mabano. Sababu yao kubwa ni kwamba hesabu hiyo haiaminiki. Kijijini kuna sababu nyingine: ukibandika ukutani kwamba darasa fulani lina mjamzito mmoja, umeshamtaja. Unganisha madarasa, au uiache takwimu hiyo kwenye faili.

Na kabla ripoti haijaenda kwa wafadhili, wasomee wasichana wenyewe matokeo. Watakwambia palipokosewa, mara nyingi kabla hujamaliza ukurasa wa kwanza.