Re: Wachezaji wangu levo 15 wameua joka raundi ya pili, nifanyeje?

Pole mkuu, ila kwenye Dungeons & Dragons (ule mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi na kurusha dadu) tatizo sio pointi chache za uhai, joka lako lilikua peke yake. We hesabu zamu, wao watano lenyewe moja, hata likiwa na pointi za uhai 546 kama joka jekundu la kale la toleo la 2014 bado litapigwa kama mwizi wa kuku. Ndo maana majoka makubwa yamepewa vitendo vitatu vya ziada kila raundi, yanavitumia zamu ya mwingine ikiisha, na mara tatu kwa siku ya mchezoni yanakataa uchawi hata dadu ya kujikinga ikigoma. Vitumie vyote aisee usiwaonee huruma.

Sisi huku Moshi tunacheza jumamosi kwa mshkaji, na kilichonisaidia zaidi ni kutowaacha walale hovyo, maana wakilala nguvu zinarudi, na mchawi akiingia kila pambano na nguvu zote humuwezi. Kitabu cha msimuliaji (yule anayeendesha mchezo) cha 2014 kilisema mapambano 6 mpaka 8 kwa siku ya mchezoni, mi hayo siyawezi, matatu tu watu wanawahi daladala za mwisho.

Halafu joka liruke bana! Limesimama chini linasubiri nini?