Ukienda kupiga picha gofu, tafuta daka kwanza

Mimi nilianza vibaya kabisa. Kuna nyumba ya zamani ya meneja wa shamba la kahawa huku juu njia ya Kibosho, nimeipita kwenye haisi miaka na miaka nikienda kwa bibi, ina bomba la moshi la mawe na veranda imezunguka pande tatu, bati limeshakuwa jekundu kwa kutu, sasa siku nilipopata kamera yangu ya kwanza (ya mtumba, lenzi ina mkwaruzo pembeni mpaka leo) nikasema ndo hapohapo pa kuanzia. Nikaenda Jumapili saa 6 mchana, nikapiga picha 200 na kitu, nafika nyumbani naziweka kwenye laptopu hamna hata moja. Yaani nyumba ipo, madirisha yapo, popo wapo, ila picha zimekufa. Unaziangalia unasema haya, nyumba mbovu, kwa hiyo?

Saa 6 lilikuwa kosa, hilo kila mtu atakwambia. Huku kwetu jua linapanda haraka sana, ukizubaa mpaka saa 3 asubuhi limeshakuwa kali na vivuli vyote vimekatika kama kwa wembe. Nenda saa 12 na nusu, maliza saa 2. Au subiri Julai ile ya ukungu, watu wanalalamika baridi na mlima hauonekani wiki nzima, wewe shukuru, wingu likitanda ndani ya nyumba mwanga unaingia taratibu na dirisha haliwi jeupe pee huku ukuta ukiwa mweusi kama chungu. Kama unatumia simu, gusa pale penye dirisha ushikilie kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge, halafu vuta mwanga chini kidogo. Kama ni kamera weka kwenye tripodi, ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) iache 100 au 200, shata (kile kipazia cha kuingiza mwanga) ikae wazi hata sekunde nzima, nyumba haikimbii. Fleshi usiwashe. Sitaeleza kwa nini, washa mara moja utaona mwenyewe.

Lakini mwanga haukuwa shida yangu kubwa, na hili lilinichukua muda kulielewa. Shida ilikuwa napiga gofu kama napiga pagale. Mjini Arusha na hapa Moshi tumezungukwa na mapagale, mtu kajenga mpaka lenta hela ikakata, ndani hajawahi kulala mtu hata usiku mmoja. Pagale unapiga umbo lake, kuta na anga basi. Gofu kuna watu walikula humo, waligombana humo, mtoto aliumwa homa humo, sasa ukisimama nje ukapiga jengo zima hao watu wote unawaacha.

Kilichonifungua macho ni shairi, tena shairi la shule ambalo nilikuwa nalichukia. Al-Inkishafi, ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ameitunga mwanzoni mwa karne ya 19 akiona mji wa Pate, kule kisiwani upande wa Lamu, umeshaanguka, wakati zamani nyumba za matajiri wake zilikuwa zinawaka taa usiku kama mchana. Kidato cha tano nilikariri tu kuwa ina beti za mistari minne, mstari mizani 10, anaongea na moyo wake, nikajibu mtihani nikasahau. Miaka baadae nimelala siku moja umeme umekatika nikalikumbuka daka lililomo humo, yaani kile kishubaka cha kuwekea vitu kinachoachwa ndani ya ukuta. Kuna ubeti anasema madaka ya ukutani yaliyokuwa yanapangwa sahani za thamani, sasa vinalala vifaranga vya ndege, na bundi anakoroma ndani ya nyumba. Nikakaa kitandani. Huyu mtu hajatuambia nyumba ilikuwa na ukubwa gani! Ametuonyesha shimo moja tu kwenye ukuta, kilichokuwemo na kilichomo, na mji mzima wa Pate umeingia mule.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo: ukiingia kwenye gofu tafuta daka. Sio lazima liwe daka kweli, nyumba zetu za huku bara hazina, ila tafuta sehemu moja ambayo mkono wa mtu ulikuwa unaifikia kila siku.

Nikarudi Kibosho. Safari hii kwa adabu maana mara ya kwanza niliingia tu kama kwangu, akaja mgambo akanikalisha chini nusu saa ananiuliza natafuta madini ya Mjerumani au nini. (Hii ya hazina ya Mjerumani ni kweli watu wanaamini, ukionekana kwenye nyumba ya zamani na begi mgongoni wewe ni mchimbaji, ndo maana sakafu za magofu mengi zimefukuliwa.) Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au balozi, jieleze, onyesha picha ulizopiga sehemu nyingine, na kama pana mlinzi salimia vizuri. Pale pana mzee anachunga mbuzi ndo kama mlinzi. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaniangalia.

"Binti, unapiga picha za nini humu, si kuna popo tu?"

Nikamwambia napiga nyumba za watu wa zamani. Akacheka, akakaa kwenye ngazi ya veranda, akaanza kusimulia na mimi nikaweka kamera chini. Hapo usiwe na haraka, hadithi ndo nusu ya picha. Mashamba mengi ya walowezi mkoa huu yalitaifishwa miaka ya 70 yakaenda kwa vyama vya msingi vya ushirika, halafu 1989 ule mkataba wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ukavunjika bei ikaporomoka, watu wakang'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Mzee alieleza kwa kifupi zaidi: "Kahawa ikafa, wakahama na milango." Na kweli milango haipo, fremu zimeng'olewa, masinki yameondoka. Nyumba iliyoachwa kwa njaa huwa inabaki na vile tu visivyobebeka, kwa hiyo usitafute kiti kilichopinduka na vumbi la kupendeza kama kwenye sinema, hukikuti.

Kisichobebeka nilikipata kwenye korido. Swichi ya taa. Ya zamani ile nyeusi ya mviringo, imekaa kwenye kijibao, waya umeshakatwa. Kuzunguka hiyo swichi ukuta una doa la kahawia, limeng'aa kama limepakwa mafuta, upana wa kiganja, na limeelekea chini kulia kidogo. Ni vidole. Miaka na miaka ya mtu anapapasa gizani anatafuta swichi. Juu yake nyigu wa udongo wamejenga. Nikapiga picha nne tu, nikatoka.

Halafu nikafanya kitu ambacho mpaka leo nakifanya kabla sijaediti chochote, natunga ubeti mmoja. Sio lazima uwe mshairi, mi sio. Ila mizani 8 kwa 8 inakubana, huwezi kuandika "nyumba ilikuwa na huzuni ya ajabu", haienei, inabidi uchague vitu. Wangu ulitoka hivi:

Mlango wabaki wazi, mgeni haji kubisha,
Sebuleni kuna mbuzi, hakuna wa kumtisha,
Juu ya dari mizizi, mvua imeotesha,
Swichi yasubiri kazi, nani sasa wa kuwasha?

Wataalamu wa arudhi (kanuni za utunzi wa mashairi) mtanisamehe. Faida yake ni kwamba ukishamaliza unahesabu: mlango, mbuzi, mizizi, swichi. Picha nne. Zile 200 zilizobaki futa bila huruma. Mbuzi sebuleni ni wa kweli, alikuwa amesimama pale pa kuwashia moto kwenye lile bomba la mawe kanikazia macho kama mwenye nyumba.

Mambo ya usalama nayapitia haraka ila usiyadharau. Vaa viatu vya soli nene, misumari yenye kutu ni mingi na pepopunda sio mchezo. Sakafu ya mbao huku mchwa wameshaila kwa chini, kanyaga pale penye boriti karibu na ukuta, mi mguu ulizama mpaka goti pale veranda. Angalia darini kama kuna nyuki kabla ya kuongea kwa sauti. Usiende peke yako, hasa dada zangu. Na majengo ya serikali hata yakionekana yamekufa omba kibali kwanza. Droni nayo ina kibali chake TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Na usichelewe. Magofu yanaondoka. Stesheni ya Moshi mjini, reli imefika toka 1911, ilikaa zaidi ya miaka 20 bila abiria nikisema nitaipiga tu, nitaipiga, Desemba 2019 treni ya abiria ikarudi. Nimefurahi jamani, naipanda, ila ile picha ya ukimya sitaipata tena.

Kitu kingine, rudisha picha. Nilitoa nakala studio pale mjini nikampelekea mzee. Ile ya swichi aliishika karibu na macho, akaisogeza mbali, akaisogeza tena karibu, akaweka kidole chake juu ya lile doa.

"Hapa mama mwenye nyumba alikuwa ananigombeza kila siku, kwamba nachafua ukuta. Mimi ndo nilikuwa nazima taa."

Sikuwahi kumuuliza kama alifanya kazi mle ndani, nilijua ni mchunga mbuzi tu. Akaniomba nakala ya pili ampe mjukuu wake aliyeko Arusha. Ile ya mbuzi hakuitaka, alisema mbuzi mwenyewe ameshauzwa.