Kuwachukua paka wa manyoya mafupi waliokosa makao: nywele, malipo na kuhasi

SWALI

Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Mombasa na mume wangu, mavyaa wangu na watoto. Kuna watu mtaani kwetu wanaookota paka waliotupwa, wanawatibu, kisha wanawatafutia watu wa kuwachukua. Wana paka wawili wakubwa, mama na mwanawe, wa manyoya mafupi. Hawajapata mtu, kwa kuwa wengi wanataka vitoto au wale wa manyoya marefu. Mimi nimewapenda. Mavyaa anasema nywele za paka zinabatilisha swala. Mume wangu anasema kuna hadithi inayokataza kununua paka, na watu hao wanaomba tuchangie pesa za chanjo na matibabu. Isitoshe, paka wenyewe wameshahasiwa, nami nimesikia kuhasi ni haramu. Je, niwachukue? Na siku tukihama, nitawafanyaje?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Dada yangu, kuwachukua paka hao kunajuzu, na ukiwachukua kwa nia ya kuwaondolea dhiki, tunakutarajia thawabu kwa Mola wako. Lakini katika maswali yako yote, hilo la kuhama, ulilolitupia mwishoni kama nyongeza, ndilo zito kuliko yote. Tutalifikia. Naanza na mavyaa, kwa sababu hoja yake si ya kupuuzwa hata kidogo.

Mtu akiuliza habari ya nywele za paka, wengi humkata kauli: "Paka si najisi, basi." Ni kweli, paka mwenyewe akiwa hai ni twahara. Kabsha binti Kaab bin Malik, aliyeolewa na mtoto wa Abu Qatada, alimtilia mkwewe huyo maji ya kutawadha. Akaja paka, na Abu Qatada, sahaba wa Mtume, akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona Kabsha anamtazama kwa mshangao, akamwambia kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaowazungukieni. Hadithi hii ameipokea Imam Malik katika Muwatta, wakaipokea pia Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, na Tirmidhi ameisahihisha. (Nayo, kama unavyoona, ni habari ya mke wa mwana na mkwe wake. Ukimsomea mavyaa, msomee kwa adabu.) Kwa hadithi hii, mate ya paka, jasho lake na maji aliyoyanywa hayana neno. Hata akiwa amekula panya, kisha akapotea kitambo ambacho inawezekana amekunywa maji mengi mahali, akirudi na kutia mdomo katika ndoo yako, maji hayo hatuyahukumu kuwa yamenajisika.

Nywele iliyokwisha kung'oka mwilini ni mas'ala mengine. Sisi wa pwani wengi wetu tumesomeshwa fikihi ya Imam Shafi'i, na Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fikihi hiyo, ameandika kwamba sehemu inayotengana na mnyama aliye hai ina hukumu ya mzoga wake, isipokuwa nywele za mnyama anayeliwa. Paka haliwi. Basi unywele wa paka uliopukutika, kwa madhehebu yetu, ni najisi, na mavyaa hakulizua jambo hili. Kilichompita ni sehemu ya pili ya mas'ala hayo hayo: nywele hizo zikiwa chache zimesamehewa, na swala inasihi nazo. Maulamaa wetu wakaenda mbele zaidi, wakamsamehe anayepanda mnyama asiyeliwa hata zikiwa nyingi, kwa sababu hana namna ya kuziepuka. Lau si hivyo, ndugu zetu wa Lamu wanaoshinda juu ya punda wangekuwa na kazi kila adhana inapoadhiniwa. Uchache na wingi hupimwa kwa ada, yaani kwa anavyoona mtu wa kawaida mwenye akili timamu, si kwa mwenye wasiwasi anayekagua kanzu yake kwa tochi. Katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali nywele hizo ni twahara, kwa hivyo mgeni wako akiswali bila kujipangusa usimtie makosani.

Na ujue kuwa unywele ungali mwilini mwa paka aliye hai ni twahara hata kwetu. Akija kukusugua mguu ukiwa umesujudu, swala yako iko pale pale.

Hapa ndipo manyoya mafupi yanapokufaa. Paka wa manyoya marefu, kama yule wa Kiajemi anayetamaniwa na watu siku hizi, huacha vishungi vizima kwenye zulia na mtandio, tena yanasokoteka asipochanwa mara kwa mara, na katika joto letu hili anapata taabu. Wa manyoya mafupi humwaga kidogo kwa kuonekana. Nimesema kwa kuonekana, kwa maana hakuna asiyemwaga kabisa, na vinywele vifupi vina tabia ya kujichoma ndani ya kitambaa cha pamba visitoke. Tengeni mswala na nguo za swala, zikae kabatini au ndani ya mfuko, msiziache kitandani anapolala paka. Mchaneni baada ya siku chache, nje ya nyumba. Mkifanya hivyo, kinachobaki ni kile kilichosamehewa, na mavyaa ataswali moyo wake umetulia.

Mkojo na kinyesi ni najisi bila ya msamaha wa namna hiyo. Sanduku lake la mchanga liwekwe mbali na mnaposwalia, lisafishwe kila siku, na pakichafuka, kwanza uondolewe uchafu wenyewe, kisha pamiminwe maji mpaka iondoke rangi na harufu. Mjamzito asilisafishe yeye, kwa sababu ya maradhi yanayopitia kinyesi cha paka na kumdhuru mtoto tumboni. Kazi hiyo aifanye mwingine.

Sasa mume wako. Naye ana msingi. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Abu Zubayr alimuuliza Jabir bin Abdillahi (r.a.) kuhusu thamani ya mbwa na paka, akajibu kuwa Mtume (s.a.w.) amekemea hayo. Waliolichukua katazo hili kwa dhahiri yake, wakaharamisha kumuuza paka, ni pamoja na sahaba Abu Hurayra, na wanazuoni wa mwanzo Tawus, Mujahid na Jabir bin Zayd, huyo wa mwisho akiwa ni imamu ambaye ndugu zetu wa Oman na Zanzibar walio Ibadhi wanamtegemea sana. Jamhuri ya maulamaa, yaani wengi wao, na Mashafi'i wamo, wamejuzisha kumuuza paka mwenye manufaa. Wamesema katazo ni la kutopendeza, ili watu wazoee kupeana paka na kuazimana bila ya kutozana.

Lakini kwenu nyinyi hakuna mauzo. Fedha ya chanjo ni ujira wa daktari wa mifugo na bei ya dawa, na paka mwenyewe mnapewa bure. Hata anayesema kumuuza paka ni haramu hana la kupinga hapa. Mume wako aulize jambo moja tu: je, kiasi wanachoomba kinalingana na gharama waliyoitumia, au ni bei iliyovishwa jina la mchango? Kikilingana, atoe na moyo wake mweupe. Akizidisha kwa ajili ya wale walio bado kwenye vizimba, hiyo ni sadaka, maana Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kama kuna ujira katika kuwatendea wema wanyama, baada ya kuwasimulia habari za mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, alisema katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna ujira. Wameipokea Bukhari na Muslim.

Kwa hakika napendelea njia hii ya kupeana kuliko maduka. Tunaishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako kuna paka wa manyoya mafupi wenye mabaka kama gamba la mti, Wagiriama wanamwita khadzonzo. Tangu miaka ya 1980 amepelekwa Denmark akazalishwa, na leo huko Ulaya ni paka wa nasaba, anauzwa kwa jina la Sokoke. Huku kwetu mtu anaagiza paka wa ng'ambo kwa maelfu ya shilingi, na wa mlangoni kwake anamrushia jiwe.

Kuhusu kuhasi, yaliyokwisha kufanyika hayakuhusu. Wewe hukuhasi, na kumchukua paka aliyehasiwa si kukiridhia kitendo. Ukitaka hukumu yake kwa ujumla, Nawawi na wenzake katika madhehebu yetu wameharamisha kumhasi mnyama asiyeliwa. Mahanafi wamejuzisha pakiwa na manufaa au kuzuia madhara. Katika maulamaa wa zama zetu, Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin alisema paka wakiwa wengi wenye kuudhi, na upasuaji usiwatese, hapana ubaya, kwa sababu ni afadhali kuliko kuwaua. Mimi naona kauli hii ndiyo inayofaa kufuatwa katika miji yetu. Tembea Mji wa Kale alfajiri uone vitoto vya paka vilivyokanyagwa na pikipiki, au nenda majaani uone walivyokonda, halafu uniambie ipi ni rehema. Sharti ni dawa ya ganzi na mkono wa mjuzi. Yule anayefanya kwa wembe na kamba, huyo anatesa, na kutesa ni haramu kwa madhehebu yote.

Kabla sijaendelea, nakuomba ufute ule ujumbe unaozunguka kwenye simu kuwa "kumpenda paka ni katika imani". Hiyo si hadithi, wanazuoni wa hadithi wameihesabu kuwa ya kutungwa. Na kisa cha Mtume (s.a.w.) kukata mkono wa kanzu yake asimwamshe paka aliyelala hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Tunayo yaliyosihi, yanatosha. Tirmidhi amepokea kwa Abu Hurayra mwenyewe kwamba alikuwa akichunga mbuzi na kondoo wa jamaa zake, naye ana kipaka kidogo. Usiku humweka mtini, mchana huenda naye akicheza naye, na ndipo wakampa jina hilo, yaani Baba wa Kipaka.

Tumefika kwenye kuhama. Maadamu paka yuko mtaani, kumlisha ni hiari yako. Ukishamwingiza ndani na ukafunga mlango, riziki yake inakuwa wajibu juu yako. Minhaj inasema mwenye mnyama ni lazima amlishe na amnyweshe, na akikataa, ikiwa ni mnyama asiyeliwa, kadhi atamlazimisha ama amuuze ama amlishe. Na ile hadithi ya Ibn Umar katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, inataja mambo mawili: hakumlisha wala hakumnywesha alipomfungia, na hakumwacha ajilie wadudu wa ardhini. Imam Qurtubi na wengine wameitolea dalili kuwa kumfuga paka, hata kumfungia, kunafaa, maadamu hapuuzwi chakula na maji. Kwa hiyo ukiwaweka ndani muda wote kwa kuhofia magari, hapana dhambi.

Yapo wanayoyafanya baadhi ya watu, nasi tunayaona: paka amewachosha, wanamtia guniani, wanampeleka sokoni au ufukweni na kumwachia huko. "Sheikh, si nimemwacha ajilie?" La. Kumwacha ajilie kunakotajwa katika hadithi ni kwa paka anayejua kujitafutia. Aliyelelewa ndani, akaletewa dagaa na kichwa cha samaki kwenye sahani tangu udogoni, ukimtupa katika soko lenye paka wengine wakali atakufa kwa njaa au kwa majeraha, na mimi siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kuwa amesalimika na makamio ya hadithi ile. Kwa paka hawa wawili pana zaidi: wameshatupwa mara moja.

Kwa hiyo, kabla ya kusema ndiyo, keti na mume wako na mavyaa. Mhesabu chakula cha mwezi na gharama ya daktari. Muulizane kama kuna mtoto mwenye pumu inayochochewa na manyoya. Akiwepo, msiwachukue, afya ya mtoto inatangulia, wala hupungukiwi kitu mbele ya Mola wako kwa kumwacha paka kwa sababu hiyo. Na mume aridhie kwa ulimi wake, kwani nyumba na matumizi ni yake. Usiwaingize kwa mlango wa nyuma ukitarajia atazoea.

Mkihama ndani ya mji, hamieni nao. Mkisafiri kwa Umra au kwenda kwa jamaa, mwacheni mtu wa kuwatunza kwa makubaliano, na mumpe fedha ya chakula, msimtegemee jirani kwa kudhania. Mkihamia nchi ambayo hamwezi kuwachukua, tafuteni mtu anayewataka kwa hiari yake na mumpe bure, wote wawili pamoja ikiwezekana, au muwarudishe kwa hao hao waliowapa, na suala hilo waulizeni leo kabla ya kutoa mchango: je, mtawapokea tena? Wakisema ndiyo, andikianeni, japo ni ujumbe wa simu.

Wallahu aalam.