Nyeusi Tititi: Majibu ya Maswali Yenu

Kwa nini hakuna rangi inayoishinda nyeusi kwa giza?

Kwa sababu jicho huona kwa mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Jani humeza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu na wa buluu, likarudisha zaidi wa kijani. Kitu cheusi humeza karibu wote, na mwanga ukiisha hakuna pa kushuka tena. Ila vyeusi vyetu vya kila siku bado hurudisha kidogo, na katika kidogo hicho ndimo zilimo tofauti mnazoniuliza.

Buibui na mtandio wangu dukani vilikuwa weusi mmoja. Juani mtandio umekuwa kama kahawia. Nimepunjwa?

Si lazima. Nyeusi ya kitambaa mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa. Mchanganyiko unaoachia wekundu kidogo huelekea kahawia, unaoachia buluu huelekea buluu. Taa nyingi za dukani hazitoi rangi zote kwa uwiano wa jua, kwa hiyo huificha tofauti hiyo. Tena pamba na poliesta hazitiwi rangi ya aina moja.

Halafu kuna sura ya kitambaa. Satini ni laini, hivyo huurudisha mwanga na kung'aa. Mahameli ina manyoya mafupi. Mwanga ukiingia humo hudunda kutoka uzi hadi uzi mpaka umezwe. Kwangu mimi hakuna kitambaa cheusi kinachoifikia. Safari nyingine toka na nguo zote mbili hadi mlangoni mchana, uzilinganishe kabla ya kulipa. Muuzaji mwema hatakukatalia.

Alfajiri natofautishaje soksi nyeusi na za buluu iliyokoza?

Washa taa nyeupe. Seli za jicho zinazotambua rangi zinahitaji mwanga wa kutosha. Gizani hubaki kazini zile zinazojua kiwango cha mwanga tu.

Nguo nyeusi iliyopauka, ikilowa hurudia weusi wake. Kwa nini?

Maji hujaza nafasi za hewa kati ya nyuzi. Mwanga ukitoka majini kuingia kwenye uzi hautawanyiki sana kama ukitoka hewani, kwa hiyo huzama ndani na kumezwa. Udongo uliolowa mvua huwa hivyohivyo.

Kitu cheusi kupita vyote ni kipi?

Mwaka 2014 kampuni ya Uingereza, Surrey NanoSystems, ilitangaza Vantablack, msitu wa mirija ya kaboni midogo mno unaomeza hadi asilimia 99.965 ya mwanga. Mwaka 2019 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza chao kinachomeza angalau asilimia 99.995. Karatasi ya alumini iliyokunjamana ikifunikwa kwa Vantablack, mikunjo yake haionekani tena. Mwaka 2016 msanii Anish Kapoor alipewa haki ya kuwa yeye peke yake anayetumia Vantablack katika sanaa. Hilo silikubali: weusi wa namna hiyo ulistahili kufika mikononi mwa kila msanii.

Kadi zetu za harusi zimechapwa nyeusi, zimetoka kijivu.

Wino mweusi peke yake kwenye eneo kubwa huwa hafifu. Mwombe mchapaji auongezee samawati, majenta na njano chini yake. Maandishi madogo yaachwe kwa wino mweusi tu, maana rangi nne zikipishana hata kidogo herufi hutoka na ukungu.