Nairobi hadi New York: ni saa 7 au saa 15?

SWALI: Mwanangu anaishi New York na amenikatia tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, Januari ijayo. Kwenda imeandikwa kuondoka 23:55, kufika 06:55. Kurudi ni kuondoka 12:55, kufika 10:55 kesho yake. Nikihesabu napata saa 7 kwenda na saa 22 kurudi. Je, njia ni mbili tofauti? Na ni kilomita ngapi? – Mama, Mombasa

JIBU: Shikamoo mama. Tiketi huandika saa za kila mji: kuondoka kwa saa za Nairobi, kufika kwa saa za New York. Januari New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Kwenda, jumlisha: 7 na 8 ni 15. Kurudi, ondoa: 22 toa 8 ni 14. Anayesafiri kati ya Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba atumie 7 badala ya 8, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele miezi hiyo.

Umbali ni takriban kilomita 11,800. Waweza kuupima mwenyewe kwa uzi juu ya tufe la dunia, si kwenye ramani ya ukutani, kwani ramani bapa hupotosha. Tufe lenye mzingo wa sentimita 100 hufanya kila sentimita kuwa kilomita 400, na uzi ukivutwa vizuri utapata karibu sentimita 29 na nusu. Utaona pia uzi unapita Sudan Kusini, Chad, Algeria na Morocco kabla ya kuingia Atlantiki. Rubani huikwepa njia hiyo kidogo akifuata hali ya upepo, au pale anga la nchi linapofungwa kwa vita.

Ile saa moja ya tofauti kati ya kwenda na kurudi huletwa na upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ya huko, kama Januari, huzidi nguvu. Kwenda ndege hupambana nao, kurudi husukumwa.

Kuondoka usiku nako kuna faida yake. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na jua likiwaka huwa nyepesi zaidi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 hupaa vizuri hewa ikiwa ya baridi.

Sasa angalia tarehe, mama, maana hapa wengi huachwa. Tuseme tiketi ni ya Jumanne: 23:55 ni saa sita kasoro dakika tano, usiku wa kuamkia Jumatano. Wazee wetu huuita usiku huo wa Jumatano; tiketi huuita Jumanne. Uwe uwanjani saa tatu usiku, Jumanne. Ukitoka Mombasa kwa treni, panda ya asubuhi. Ile ya mchana ikichelewa, waweza kuachwa na ndege.